Maji Hufuata Mkondo, Chupa Nazo Je?

Mwezi wa tano mwaka jana tulifanya mtihani wa insha. Swali la pili, ambalo wengi wetu tulilikimbilia, lilitutaka tueleze wajibu wa kijana katika kutunza mazingira. Niliandika kurasa nne. Niliandika kwamba mazingira ni uhai, kwamba taka ni adui wa maendeleo, kwamba kijana ni taifa la leo na si la kesho tu. Nikapachika methali tatu, kwa kuwa najua walimu wetu wanazipenda. Muda ulipokwisha tulikusanya karatasi tukatoka tukicheka, kila mtu akisema swali la pili lilikuwa mteremko.

Nilikuwa nimesahau kalamu, nikarudi. Ukumbini alikuwamo mama mmoja tu, mfagizi, pamoja na chupa zetu. Chupa za enaji: nyekundu, za buluu, za kijani, zimesimama chini ya viti safu kwa safu. Moja ilikuwa imeanguka na lile funda la mwisho limetambaa sakafuni, linanata. Mama akaniangalia nikiinama kutafuta kalamu, akauliza, "Mwanangu, leo mlikuwa na mtihani gani?"

"Wa Kiswahili, Mama."

"Poleni na kazi," akasema, akaendelea kufagia.

Sikumwambia swali lilihusu nini. Niliona haya. Na chupa moja, ile ya chini ya kiti cha nne karibu na dirisha, ilikuwa yangu. Niliitambua kwa sababu nilikuwa nimeichana karatasi yake ya nembo nikiwaza utangulizi. Nilichukua kalamu, chupa nikaiacha.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, naandika kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanielekea mwenyewe. Nyani haoni kundule, wasema Waswahili. Mimi langu nimeliona, na sasa nataka kuwaonyesha wenzangu lao.

Nianze na kinywaji chenyewe, kwa ufupi. Hatukukianzisha sisi. Katika miaka ya 1970 huko Thailand, Chaleo Yoovidhya alianza kuuza kinywaji kilichoitwa Krating Daeng, na waliokipenda walikuwa madereva wa malori na vibarua, watu ambao riziki yao iliwalazimu kukesha. Mwaustria Dietrich Mateschitz akakikuta huko, wakaingia ubia, na mwaka 1987 kikazinduliwa Austria kwa jina la Red Bull. Kutoka hapo kikaenea dunia nzima, kikaigwa na kila mwenye kiwanda, mpaka kikatufikia sisi wa Kampala katika chupa ndogo ya plastiki. Siku hizi kila kioski kina rafu yake. Anakunywa mwendesha bodaboda aliyeanza kazi kabla ya jua kuchomoza, anakunywa askari wa lindo la usiku, anakunywa kondakta wa taksi. Na tunakunywa sisi wanafunzi, hasa wiki mbili kabla ya mtihani, tunapojaribu kusoma kwa usiku mmoja kile tulichopewa kwa miezi minne.

Kopo la Red Bull la mililita 250 lina kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kwa hiyo kopo moja limeshapita. Na hiyo kafeini, tuliyodanganywa kwamba ni nguvu, haimpi mtu nguvu yoyote. Ubongo unapokuwa kazini hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo hutuambia tumechoka. Kafeini huja ikaketi kwenye kiti cha adenosini ili ujumbe usifike. Uchovu uko palepale, ila mjumbe amezuiwa mlangoni. Unakunywa saa nne usiku, saa tisa usiku karibu nusu ya kafeini ile bado imo mwilini, na saa tatu asubuhi unasinzia kwenye chumba cha mtihani ukiwa umeshika kalamu. Ndiyo maana Lithuania ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafuata mwaka 2024.

Lakini mimi si daktari, na msomaji wangu si mtoto. Anayetaka kukesha na akeshe. Mimi mwenyewe nimekesha. Mwisho wa muhula uliopita nilifagia chini ya kitanda changu cha hosteli nikatoa chupa 23, na hizo ni zile tu ambazo nilizinywea chumbani. Ugomvi wangu haupo kwenye kunywa. Upo kwenye ile dakika moja inayofuata funda la mwisho.

Tazameni tunavyofanya. Tunakunywa, tunakung'uta, halafu, jambo la ajabu, tunarudisha kifuniko na kukikaza vizuri kwa ustaarabu kabisa, ndipo tunatupa. Tunatupa dirishani mwa taksi, tunatupa nyuma ya hosteli, tunaiweka juu ya ukuta kana kwamba ukuta ni rafu. Sikuwahi kukiwazia kile kifuniko mpaka siku nilipochimbua mtaro. Chupa iliyo wazi hujaa tope ikazama mahali pale pale. Chupa iliyokazwa kifuniko ina hewa ndani. Huelea, na kwa sababu huelea husafiri.

Na hapa Kampala safari ni moja tu, ya kushuka. Mji wetu ni wa vilima. Juu ya vilima wamejenga wafalme, makanisa, misikiti, hospitali, vyuo na wenye fedha. Mabondeni, penye vinamasi, wamejenga waliobaki. Maji hufuata mkondo, na mvua inayonyesha kwetu juu hailali kwetu. Upande mmoja wa mji inakwenda kwenye mfereji wa Nakivubo, ikapita kinamasi na kuingia Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Murchison. Upande mwingine inakwenda kinamasi cha Lubigi, na kabla ya kufika huko inapita Bwaise.

Bwaise ndiko anakokaa ssenga wangu, dada yake marehemu baba. Kwa asiye Muganda nieleze kwamba ssenga si shangazi wa kusalimiwa tu. Ndiye anayekukanya, anayekuozesha, na kwangu mimi ndiye aliyenilipia ada ya mwaka wa kwanza kwa kushona sare za shule. Cherehani yake imepandishwa juu ya matofali manne, na si kwa urembo. Ukutani kuna alama za maji, moja juu ya nyingine, na yeye anaweza kukutajia kila alama ni ya mvua ya lini.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi alinipigia simu. Hakulia wala hakulalamika, aliniambia tu, "Kama huna darasa, njoo na viatu vya mpira." Nilipofika maji yalikuwa yamekwisha kupungua. Vitambaa vya sare ambavyo mteja alikuwa ameshalipia vilikuwa vimelowa maji ya mtaroni, na maji ya mtaroni Bwaise si ya kufua ukaanika ukasahau, kwa kuwa humo mna vyoo vya watu. Vile vitambaa alivilipa yeye.

Majirani walikwishatoka na majembe na reki. Tukaanza kufungua kalvati lililo mbele ya nyumba yake. Walitoa tope, kavera, ndala ya mguu mmoja, godoro la mtoto lililooza, kisha tukafika kwenye kizibo chenyewe. Zilikuwa chupa. Zilikuwa zimebanana mdomoni mwa kalvati kama mahindi kwenye gunzi, na nyuma yake tope limesimama kama ukuta. Tulijaza magunia matatu. Za maji na za soda kubwa zilikuwa chache. Wingi ulikuwa wa zile ndogo za enaji, na karibu zote zilikuwa na vifuniko. Mbili zilikuwa na kimiminika cha manjano ambacho si enaji. Nilitaka kuzifungua nimwage, ssenga akanishika mkono. Amekaa bondeni miaka mingi, anazijua.

Tulipopumzika alichukua chupa moja akaigeuzageuza, akaniuliza, "Ladha yake ikoje?"

"Ya nini, ssenga?"

"Ya hiki mnachokimaliza huko juu."

Nikamwambia ni kama peremende iliyoyeyushwa. Akasema, "Basi sijakosa kitu." Hakuongeza neno, na mimi sikuweza.

Sasa nazijua hoja ambazo wenzangu watanitolea, kwa sababu nimekwishazisikia chumbani kwangu, na nyingine nilizitoa mimi mwenyewe.

Ya kwanza husema hakuna mapipa. Ni kweli, chuoni kwetu, ambacho sitakitaja, mapipa ni machache na moja lina tundu chini. Lakini ndugu yangu, chupa ile uliibeba ikiwa imejaa, kutoka duka la chini mpaka ghorofa ya tatu. Ilikuwa nzito na hukulalamika. Imekuwa tupu, imekuwa nyepesi kama unyoya, sasa ndiyo imekushinda kuibeba hatua mia mbili?

Ya pili ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu imevaa nguo ya huruma. Husema: waokota chupa watakuja, wataziuza, sisi tunawapa kazi. Nilitaka kujua ni kazi gani tunayowapa. Nilichukua chupa kumi za enaji, nikazikausha, nikazipeleka kwa muuza duka mmoja tunayejuana nikamwomba mizani yake ya sukari. Zote kumi hazikufika robo kilo. Kila chupa ni kama gramu 20. Wanaonunua plastiki hununua kwa kilo, kwa hiyo mtu lazima ainame mara hamsini ili apate kilo moja. Mama mwenye mtoto mgongoni anainama mara hamsini, nasi tunasema tumempa kazi! Ndiyo sababu yeye, akiwa na akili timamu, huchukua kwanza chupa kubwa na jerikeni, na hizi ndogo zetu huziacha mpaka siku ambayo hakuna kingine. Siku hiyo mvua imeshafika kabla yake.

Tena wanaookota juu ya jaa wanafanya kazi ambayo tumeshaona inavyoweza kuishia. Kampala ilikuwa ikimwaga taka zake Kiteezi tangu mwaka 1996. Mlima ukakua, watu wakiwa wanaishi chini yake, na tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, ukaporomoka. Walikufa watu zaidi ya 30, watoto wakiwamo, wamefunikwa na vitu ambavyo sisi wengine tuliamini vimekwisha siku tulipovifungia mlango. Wiki ile tuliwasha mishumaa chuoni. Nakumbuka vizuri kwamba tulipotawanyika palibaki nta na chupa.

Hoja ya tatu husema kosa ni la makampuni. Hii naikubali nusu, na nusu hiyo naikubali kwa moyo wote. Walio na umri kama wangu mtakumbuka tulivyokuwa tukitumwa soda dukani. Ulikwenda na chupa tupu ya kioo mkononi, bila hiyo hukupewa, au ulilipa rehani ya chupa ukarudishiwa ulipoileta. Mimi niliwahi kuchapwa kwa kuvunja chupa ya Mirinda, na nilichapwa kwa ajili ya chupa. Soda yenyewe nilikuwa nimeshainywa. Je, mlipata kuona mtaro wa mji huu umezibwa na chupa za soda za kioo? Hazikuziba, na si kwa kuwa wazazi wetu walikuwa na maadili kutupita. Ile chupa ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya kiwanda, kiwanda kilimdai mwenye duka kreti nzima, mwenye duka alimdai mama, mama alinidai mimi. Halafu viwanda vikaona kioo ni kizito, kinahitaji lori la kukirudisha na maji ya kukiosha, vikahamia plastiki. Kwa hatua hiyo moja deni lote lile likafutwa kwenye daftari lao, likaandikwa kwenye daftari la ssenga wangu. Hakuna aliyemwuliza.

Nawalaumu kwa hilo, na sitaki mtu aseme kwamba nimewatetea. Lakini nusu ya pili siikubali. Kampuni haikuingia ukumbini kuiacha chupa chini ya kiti cha nne. Niliiacha mimi.

Yupo pia rafiki yangu mmoja aliyeniambia kwamba naonea watu wa chini, kwa kuwa enaji ni kinywaji cha waendesha bodaboda na vibarua. Nilimpeleka kwenye steji ya bodaboda iliyo karibu na lango letu. Wanaume wale hunywa enaji kutupita. Penye mwembe wao limening'inizwa gunia, na kila chupa inaingia gunia lile, kwa sababu mwenyekiti wa steji alisema atakayetupa chini hapangiwi abiria mpaka aokote. Hakuna kati yao aliyeandika insha ya kurasa nne. Hatua sitini kutoka hapo, ndani ya lango, penye watu watakaoitwa walimu mwakani, pachafu.

Na hapa niwaombe radhi walimu wetu kabla sijasema. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, sisi ambao miaka yote tuliambiwa hii ni lugha ya askari na wezi. Lakini tukifundisha kama tulivyofundishwa, tutawapa watoto lugha ya mabango. "Mazingira ni uhai" inapata alama. "Tuungane sote" inapata alama. Katika miaka mitatu sijaona hata karatasi moja iliyorudi ikiwa na maandishi mekundu yanayouliza: na chupa yako iko wapi? Mada ya mazingira tumeigeuza kuwa zoezi la kukariri, kama ngeli. Mtu anaweza kupata alama themanini kwa insha aliyoiandika huku ameikanyaga hoja yake kwa mguu.

Wengine wanangoja serikali. Haya, tuitazame serikali. Mwaka 2009 kavera nyembamba zilipigwa marufuku kisheria katika nchi hii. Nendeni leo soko lolote mkanunue nyanya za shilingi elfu moja, mwone mtafungiwa na nini. Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na ukivuka mpaka na kavera yako huko unajua mwenyewe utakavyoulizwa. Basi mtu anaweza kusema Uganda haiwezi. Si kweli. Waragi ya viroba, vile vipakiti vidogo vilivyokuwa vimezagaa kila mahali, ilizuiwa mwaka 2019, na vipakiti vikatoweka kaunta. Kwa hiyo serikali inapotaka huweza. Sitaki kuingoja itake.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa linanichekesha na kunisikitisha. Tunanunua kafeini iliyotiwa rangi, ndani ya plastiki, katika nchi ya kahawa! Robusta inaota yenyewe katika misitu yetu. Wazee wetu walizipika buni na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakamkaribisha mgeni kwa kumpa chache atafune, na waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za buni moja. Kafeini ile ile. Mgeni alitafuna, akatema ganda kwenye migomba, ganda likaoza. Sasa kahawa tunaiuza nje kwa magunia, halafu usiku wa mtihani tunamtuma mtu akatuletee chupa nyekundu. Sisemi turudi kutafuna buni sote, ingawa mimi nimejaribu na sikulala mpaka alfajiri. Nasema tusijifanye hatukuwa na njia nyingine ya kukesha.

Ninachotaka ni kidogo na kina bei. Chupa ya enaji kwenye kantini yetu ni shilingi elfu mbili. Nataka iuzwe elfu mbili na mia mbili, na ile mia mbili irudishwe kwa yeyote atakayeleta chupa tupu yenye alama ya kantini, awe aliyeinunua au mwingine. Mwenye haraka na mwenye kiburi ataiacha. Sawa, ataikuta yule mama mfagizi, na chupa hamsini ambazo kwenye mizani ni kilo moja tu, kwake zitakuwa shilingi elfu kumi. Wajerumani walianza mwaka 2003 kutoza rehani ya senti 25 za yuro kwa chupa na makopo ya kutumika mara moja, na huko watu huzirudisha dukani kwa mifuko. Wao si malaika. Wanafuata senti zao, kama mimi nilivyoifuata rehani ya Mirinda.

Nilikwenda kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi na pendekezo hili. Nilisikilizwa vizuri sana. Nikaambiwa wanaandaa siku ya usafi, kutakuwa na fulana, kutakuwa na mgeni rasmi, na mdhamini ameshapatikana. Nikauliza mdhamini ni nani. Ni kampuni ya vinywaji. Nikauliza siku hiyo watu watakunywa nini. Mmoja alicheka, mwenzake akaniuliza kama ninatoka chama cha upinzani.

Basi nikaenda moja kwa moja kwa mwenye kantini. Huyu ni mama wa makamo, hana maneno mengi, na alikuwa anahesabu kreti. Nilimweleza yote, mpaka habari ya mizani. Alinisikiliza bila kuacha kuhesabu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nikipandisha mia mbili peke yangu, watu watashuka duka la chini. Utanilipa wewe?"

Nikasema, "La, Mama. Lakini wakikubali kwa sahihi zao?"

"Wangapi?"

Sikuwa nimefikiri. Nikasema mia tatu.

"Lete mia tatu, tujaribu muhula mmoja. Na alama kwenye chupa utaweka wewe, mimi sina muda."

Karatasi nimeibandika mlangoni mwa maktaba, upande wa kulia, na kalamu nimeifunga kwa uzi ili isiondoke. Mpaka jana jioni ilikuwa na sahihi 41. Mbili ni za walimu. Moja ni ya mama mfagizi, ambaye si mwanafunzi na huenda mwenye kantini asiihesabu, lakini aliomba kalamu mwenyewe, nami nilimshikia karatasi ukutani akaandika.